Moshi wa Bi Mkubwa

Jumatatu, 8 Julai

Nimewasha gari, jirani wa mbele akanimwagia ndoo ya maji. Alidhani nyumba inaungua. Hakuuliza! Alimwaga kwanza, akauliza baadaye. Suruali yote chapachapa.

Nikamweleza kwa upole kwamba Bi Mkubwa anasafisha koo tu. (Bi Mkubwa ni gari langu. Mke wangu halipendi jina hilo. Anauliza, kama gari ndilo bi mkubwa, yeye ni nani katika nyumba hii. Swali gumu. Huwa nakwenda kuoga.) Nikasema mzee yeyote akiamka lazima akohoe. Jirani akajibu kwamba baba yake ni mzee na anakohoa tangu zamani, lakini hajawahi kupaka masizi shuka za watu zilizo kambani.

Moshi wenyewe ni wa bluu. Bluu ya kupendeza, ukiutazama kwa mbali.

Siku nyingine ningeupuuza. Wiki hii hapana. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, amemaliza masomo ya uuguzi na sote sasa tunamwita Nesi. Amepata kazi katika kituo cha afya huko milimani. Anatakiwa kuripoti Jumatatu ijayo asubuhi; asipoonekana, nafasi anapewa mwingine. Jana, mbele ya familia nzima, nilisimama nikatangaza: mtoto huyu atapelekwa na mjomba wake, ndani ya gari la mjomba wake, godoro lake likiwa juu! Nikapiga kifua. Watu wakapiga makofi. Dada hakupiga, lakini alikuwa na sahani mikononi.

Ndipo baba mdogo wa Nesi akajikohoza. Huyu ni mdogo wa marehemu shemeji yangu. Ana gari jipya lenye kiyoyozi, na huvaa tai hata akienda kununua mkate, kwa hiyo namwita Tai. Akasema taratibu, kama daktari anayeficha habari mbaya, kwamba yeye yupo tu, ikitokea Bi Mkubwa hajisikii vizuri. Watu wakacheka. Hata Nesi alicheka kidogo, kisha akajifuta mdomo.

Sawa, mtoto ni wa ukoo wao. Lakini shemeji alipofariki, nani alimpeleka mtoto shule siku ya kwanza? Mimi. Kwa gari gani? Hilihili. Nani alimrudisha siku hiyohiyo, maana alilia mpaka mwalimu naye akalia? Mimi. Sasa safari imefika kwenye utamu aje mtu wa tai aimalizie! Ng'o.

Kabla ya ndoo ile nilikuwa nimefungua boneti, nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Imepungua tena! Kila asubuhi imepungua. Nikajaza. Kisha nikalisukuma gari kidogo, likashuka lenyewe kwenye mteremko wa mbele ya nyumba, nikaachia klachi, likawaka. Starta yake ilichoka siku nyingi, ndiyo maana nyumbani hulala pale mteremkoni, pua chini. Akili, hiyo. Wengine hulala tambarare halafu wanaomba watu wawasukume.

Jumanne, 9 Julai

Nimegundua ugonjwa! Ringi za pistoni zimekwisha. Oili inapenya, inaungua, moshi wa bluu. Hakuna fundi aliyeniambia. Nimesikiliza injini kwa sikio, sikio likatosha.

Nikaeleza jambo hili kwa kinyozi akininyoa. Nikamkumbusha siku ile nilipovusha lori la mbao mlimani ringi zikiwa zimekatika, nikachonga nyingine kwa waya wa uzio, na silinda moja nikaiziba kwa gunzi la muhindi. Nikafika. Mbao zote salama. Kinyozi akasema mara ya mwisho gunzi liliziba silinda mbili. Nikamwambia anyoe.

Dawa ya ringi zilizokwisha ni oili nzito. Kila mtu anajua. Oili nyepesi hupenya, nzito hukwama. Nilikuwa na dumu la oili ya gia ya lori, nzito kama asali ya baridi. Nikachomoa kijiti. Imepungua! Nikamimina. Nikapima tena. Bado kidogo. Nikaongeza.

Kisha nikaenda kulijaribu barabarani.

Moshi umezidi. Nakiri umezidi. Pale makutano askari wa trafiki alitoweka ndani yake. Nilimwona akiinua filimbi, halafu nikawa nasikia filimbi tu. Sikusimama. Sheria inasema usimame ukipigwa mkono, na mimi mkono sikuuona.

Jioni Nesi alikuja kuonyesha sare zake mpya, nyeupe pe, zimening'inia kwenye henga. Alipofika karibu na gari akarudi nyuma hatua, akazikumbatia sare kama mtu anayemkinga mtoto na mvua. Akaniambia, Mjomba, nakupenda, unajua nakupenda. Lakini hawezi kuripoti kazini siku ya kwanza ananuka kama jiko la mafuta ya taa. Gari likiwa bado linatoa moshi hadi Ijumaa jioni, atakwenda na Baba Mdogo.

Angesema kwa hasira ningemjibu. Alisema akitazama chini.

Mama Watoto alisikia yote kutoka dirishani. Akaniuliza kama nitakula au nitaendelea kusimama. Nikaendelea kusimama.

Jumatano, 10 Julai

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Tatizo si injini. Tatizo ni moshi! Injini na iunguze itakavyo. Moshi ukizuiwa kutoka, nani atajua?

Nikachukua zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Zote. Nikazisokota donge moja safi, nikalisukumiza ndani ya bomba la moshi kwa mpini wa ufagio. Kama chujio la chai. Nikawasha.

Hakuna moshi! Hata uzi mmoja! Nilicheka peke yangu barabarani. Jirani akachungulia na ndoo yake, akaona hewa safi, akarudi ndani. Ushindi.

Gari lilikuwa zito kidogo, kama linavuta nyumba. Nikasema hiyo ni heshima. Nikaenda moja kwa moja kwa dada, nikijua Tai huwa pale Jumatano. Kweli nikamkuta anasugua kioo cha gari lake kwa kitambaa laini. Sikuzima injini. Nikaliacha lingurume. Nikaita watu wote watoke. Nikawaambia watazame bomba.

Dada akatazama. Akasema haoni kitu. Ndiyo, nikasema, hicho ndicho cha kuona!

Tai hakuamini. Watu wa aina yake hawaamini kazi ya mikono. Akazunguka nyuma, akainama, akakaribisha uso, akasema eti anahisi joto lisilo la kawaida. Nikamwambia joto ni afya. Na ili ahakikishe vizuri, nikakanyaga mafuta.

Paaa!

Donge lilitoka kama risasi. Likampata kwenye tai. Katikati kabisa. Nisingeweza kulenga hivyo hata kwa mazoezi. Nyuma ya donge ukafuata moshi wote wa safari nzima, uliokuwa umesubiri humo ndani kwa subira kubwa. Tulipoonana tena, Tai alikuwa mweusi kuanzia kidevu hadi mkanda, na kitambaa laini bado mkononi.

Dada alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akamwona binti yake, akaacha.

Nesi hakucheka. Alikwenda kuleta maji ya kumsafisha Baba Mdogo wake. Alipita mbele yangu, na nikaona tayari begi lake limewekwa karibu na gari la Tai. Karibu sana.

Nyumbani Mama Watoto alikuwa anatafuta nyuzi zake za kusugulia sufuria. Nikasema wezi siku hizi hawana haya. Akanusa shati langu. Mazungumzo yakaishia hapo, ila adhabu haikuishia.

Alhamisi, 11 Julai

Amri imetoka kwa Mama Watoto: ama niende gereji kwa Fundi Kelele, ama nihamie kwa bi mkubwa wangu, nilale huko kwenye kiti cha nyuma.

Mimi na Fundi Kelele hatusalimiani. Mwaka jana, mbele ya watu, alisema gunzi la muhindi ndani ya silinda lingeungua kabla sijafunga boneti. Mbele ya watu! Ni mtu wa maneno mengi sana. Sijui wanaomvumilia wanapata wapi moyo.

Niliposhuka tu akapaza sauti kwa gereji nzima kwamba treni imefika, abiria wajipange. Nikameza. Kwa ajili ya mtoto.

Nikamwambia asipoteze wakati, ni ringi, ang'oe injini. Akasema aliyekuja kwa mganga na jina la ugonjwa angebaki nyumbani ajitibu. Akauliza moshi hutoka lini: asubuhi tu ukiwasha, au ukikanyaga mafuta, au wakati wote? Nikasema wakati wote. Akauliza tangu lini umekuwa mwingi hivi. Nikasema tangu nilipoanza kuutibu.

Akashika karatasi nyeupe nyuma ya bomba la moshi. Ikajaa madoadoa ya oili. Akachomoa plagi, zimelowa. Akaingiza kipimo chake kwenye tundu la kila plagi, akazungusha injini, akasoma mgandamizo wa hewa. Akarudia. Kisha akaniita nisome mwenyewe, nikasema sikuja na miwani (sina miwani). Akasema silinda zote zinakaza vizuri. Ringi ni nzima. Injini ya mzee, kifua cha kijana!

Nikasema kipimo chake kibovu.

Hapo akachomoa kijiti cha oili. Akakitazama. Akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Akawaita wenzake wote. Oili ilikuwa imepanda juu ya alama, juu ya alama ya juu, karibu na mkono wake. Akauliza kwa upole, upole wa kutisha, nani anajaza oili gari hili. Nikasema mimi, kila asubuhi, kwa sababu kila asubuhi inapungua. Akauliza napimia wapi.

Nikasema nyumbani, mteremkoni.

Kimya. Fundi Kelele, kimya! Kisha akakaa juu ya tairi, akaanza kutetemeka mabega.

Maelezo yake ni haya, nayaandika kwa haki ingawa siyapendi. Gari likilala pua chini, oili yote hukimbilia mbele. Kijiti changu kiko nyuma ya injini. Huko nyuma kunakuwa kukavu, mimi naona imepungua, najaza. Kesho vilevile. Ikazidi mpaka shafti inayozunguka chini ya injini ikawa inaichapa kama mtu anayepiga mayai. Povu likapanda kwenye mpira wa kupumulia wa injini, likaingia kwenye chujio la hewa, likavutwa ndani, likaungua. Alilifungua chujio. Lilikuwa limelowa kama sponji ya kuoshea vyombo. Na ile oili ya gia, akasema, hiyo ilikuwa kuunywesha ugonjwa uji.

Kwa hiyo, kwa kifupi, kosa ni la mteremko.

Akaimwaga oili yote kwenye beseni. Beseni likajaa, akaleta la pili. Akasafisha mpira, akaweka chujio jipya na oili mpya, mara hii tambarare. Nilipouliza malipo ya kazi akasema hataki kitu. Anachotaka ni nikae pale juu ya tairi nisifungue mdomo mpaka jioni, yeye awasimulie wateja.

Sijawahi kulipa ghali hivyo. Mteja mmoja aliomba arudiwe sehemu ya mabeseni. Na jamaa anaongeza chumvi! Alipofika kwa mteja wa mwisho, mabeseni yalikuwa manne na mimi nilikuwa nimelia. Mtu mwongo vile, siwezi kumwelewa.

Ijumaa, 12 Julai

Usiku, kwa shingo upande, nililala tambarare. Gari, nasema. Asubuhi nikasukumwa na jirani. Likawaka, likatoa pumzi moja ya bluu, pyu, kisha basi. Safi!

Lakini pumzi moja ni pumzi. Leo ndiyo siku ya hukumu. Nikarudi kwa Kelele mbio. Akasema hilo sasa ni jambo jingine, dogo, la uzee: vile vimpira vya valvu vimekauka vikawa kama kwato. Gari likisimama usiku, oili hudondoka tone tone hadi ndani ya silinda. Asubuhi inaungua mara moja, imekwisha. Ni vya kubadilisha, bila kung'oa injini.

Nikataka kuona. Akachukua kamba, akaitumbukiza kwenye tundu la plagi mpaka ikajaa ndani ya silinda, akapandisha pistoni ikaisukuma kamba juu, kamba ikazishika valvu zisianguke. Ndipo akafungua springi, akatoa kimpira kikavu, akavisha kipya. Silinda moja baada ya nyingine. Kazi ya kamba! Nikamwambia kamba hiyo mimi niliianza, ila nilitumia gunzi. Akaniomba nirudi kwenye tairi langu.

Jioni familia ikakusanyika kwa dada. Nililiacha gari lipoe kabisa, walione likiwaka lingali baridi. Tai alikuwepo, tai mpya shingoni, amesimama mbali na bomba. Akatoa leso nyeupe, akamkabidhi Nesi. Yeye hakukaribia.

Watu wakasukuma. Nikaachia klachi. Nesi akakimbia nyuma na leso, akaishika kwenye bomba. Nikasikia moyo wangu kuliko injini. Nikakanyaga. Nikaachia. Nikakanyaga tena, sana.

Akaja dirishani na leso. Nyeupe pe.

Alikwenda akachukua begi lake lililokuwa karibu na gari la Tai, akaliweka kwenye buti langu, akafunga buti kwa nguvu, maana halifungi bila nguvu, na yeye anajua tangu utotoni. Nilikuwa na jambo la kusema juu ya lori la mbao lakini nikaanza kukohoa. Moshi wa zamani, nadhani, umebaki kifuani.

Tai akanipa mkono. Akasema hongera. Nikampa mkono uliokuwa na grisi.

Jumapili, 14 Julai

Tumefika! Milima mirefu, baridi kali, godoro liko juu mpaka mwisho. Askari wa trafiki wa makutano alitutazama kwa makini sana, akatafuta moshi, akakosa, akatupungia twende. Nikampungia na mimi. Hakunitambua, siku ile naye hakuniona.

Njiani Nesi alilala, akaamka, akaniambia nimsimulie siku ile ya kwanza ya shule. Nikamsimulia. Nikasema mwalimu alilia, mkuu wa shule akalia, kengele ikagoma kulia. Akacheka mpaka machozi. Akasema Mjomba, bila wewe ningefika vipi? Nikasema kwa miguu, au kwa kiyoyozi.

Jioni Nesi akapewa chumba chake, na mimi nimepewa benchi ndani ya kibanda cha mlinzi. Kabla hajalala Nesi akaniomba jambo moja: kesho nimshushe getini, nimuage, nirudi nyumbani. Nisiongee sana na wakubwa wake. Nikaahidi. Mimi si mtu wa maneno.

Jumatatu, 15 Julai

Nesi amefika kazini mapema, sare nyeupe, hanuki kitu. Nimemshusha getini. Nimemuaga. Ahadi nimeitimiza yote.

Ila nikiwa nageuza, naona gari la mama mganga mkuu wa kituo limewashwa nje, linapashwa moto. Nyuma yake, moshi! Mweupe, mzito. Moyo wangu ukaruka. Mtoto wetu anafanya kazi chini ya mama huyu, na mama huyu anaendesha gari linalokufa, na mimi nipite tu kama sijaona?

Moshi mweupe ni maji. Maji yameingia ndani ya silinda. Gasketi inayoyazuia imekwisha. Sikuhitaji hata karatasi. Mlinzi akasema ni baridi tu, magari yote huku hutoa hivyo asubuhi, hata yeye anatoa moshi mdomoni. Kweli anatoa. Nikamwonea huruma, nikamwambia akamwone nesi mpya.

Ufunguo ulikuwa humohumo. Nikazima. Nikafungua boneti. Injini za kisasa zina vifuniko vingi visivyo na maana, nikavitoa. Nikachomoa mipira. Nikachomoa plagi. Nilikuwa sina kamba, nikatumia ile ya kufungia godoro. Imeingia vizuri sana. Kutoka ndiyo bado.

Hapo mganga mkuu akatoka na sanduku la chanjo mkononi, anawahi zahanati ya bondeni, akina mama wameshapanga foleni na watoto. Akatazama gari. Akatazama nati zilizopangwa juu ya khanga yangu ya kufutia. Akauliza mimi ni nani. Kabla sijajibu Nesi akatoka nyuma yake. Mganga akamuuliza, huyu ni mtu wako?

Nesi alinitazama. Akasema hapana, ni dereva wa kukodi tu.

Mtoto mwerevu! Siku ya kwanza tu, tayari anajua kuficha undugu ili wasiseme anapendelewa. Nilimkonyeza. Aligeuka ukutani, bega linamtetemeka. Furaha, hiyo, na uchovu wa safari.

Mganga alipeleka chanjo akiwa ndani ya Bi Mkubwa. Dereva wa kituo ndiye aliyeendesha, hawakunitaka. Nimeambiwa Nesi amempigia simu Tai, aje leoleo na fundi mwenye kujua magari mapya. Nimemtumia ujumbe asihangaike, fundi yuko huku tayari.

Nimeketi getini nasubiri kamba ilegee. Yamepita magari mengi asubuhi hii na nimeyahesabu kwa jicho la kitaalamu. Yote yanatoa moshi mweupe. Yote! Mji mzima gasketi zimekwisha, na hakuna hata mmoja aliyegundua. Nimempigia Mama Watoto kumwambia nitachelewa kurudi, labda mwezi. Kuna basi linakuja, linafuka vibaya sana. Nimeinuka kulipungia mkono lisimame.